Jina Halipungui Likiazimwa

Nyakitonto, Kasulu
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mdogo wangu Manirambona,

Bi Rabia, afisa wa mfuko wa pensheni hapa Kasulu mjini, amenieleza Jumanne kwamba nina mke Kibondo. Anaitwa Loyce. Nina naye watoto watatu, na wa kwanza ameshaolewa. Aliyasoma hayo kwenye kompyuta bila kuinua macho, kisha akaniuliza, "Mzee, huyu Verediana uliyenitajia ni nani sasa? Mke mdogo?"

Verediana alikuwa amekaa pembeni yangu.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jipya. Salamu zinafuata. Mama hajambo kwa mtu wa umri wake, ila goti la kushoto linamsumbua mvua zikishika. Anakusalimu na anasema kopo la asali ulilomletea limekwisha. Juzi alimwambia jirani, "Mimi Winifrida nina akina Sylvesta wawili, na anayenikumbuka ni yule wa bandia." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mihogo imesimama vizuri. Maharage tunayapalilia.

Sasa nakuuliza. Mwaka 2009 nilikuazima jina langu ili upate kazi kwenye kiwanda cha asali. Nilijua linafanya kazi huko. Sikujua limeoa. Verediana haniiti tena kwa jina, akitaka nipasue kuni anasema, "Mume wa Loyce, shoka lile pale."

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu jambo hili si la simu. Laini yako imesajiliwa kwa kidole changu, na yangu vilevile. Hashimu, kondakta wa basi la Kibondo, atakupa barua hii mkononi ukifika stendi.

Nijibu: umeandika nini kingine kwa jina langu?

Kaka yako,
Sylvesta


Murungu, Kibondo
17 Machi 2025

Kaka Sylvesta,

Amahoro, amani kwenu. Hashimu alinikabidhi barua yako stendi, akasema barua nzito hivi hailetwi bila soda, nikamnunulia. Huku sote ni wazima. Mvua ni nyingi na wafugaji wa nyuki wanaleta kidogo. Kitinda mimba wangu bado yuko chuo cha uuguzi, mwaka wa pili. Kopo la Mama Mkubwa litakuja na Hashimu safari ijayo. Loyce anawasalimu wote na ametuma neno kwa Verediana: "Mwambieni mke mwenzangu, huyo mume wetu hata chumvi hajawahi kununua nyumba hii." Natumaini Verediana atacheka.

Nilimwandika Loyce na watoto kwa sababu mfuko ulitaka wategemezi. Ningemwandika nani? Ningekufa, wanangu wangebaki na nini? Sijaandika kingine chochote.

Nakueleza mengine ili tuwe sawa. Kila mwezi kiwanda kimenikata kumi kwa kila mia ya mshahara na kuweka kumi nyingine ya kwake juu. Hakijaruka mwezi hata mmoja. Wenzangu walinung'unika kuhusu makato; mimi sikunung'unika. Nilijua ile kumi ya mwajiri ni mshahara ambao sitaweza kuula mapema kwa upumbavu wangu.

Sijasahau ilivyoanza. Mama zetu ni ndugu, lakini baba yako wewe ni Muha wa hapa, una karatasi tangu kuzaliwa. Mimi nilikuwa mtoto wa mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, sina hata kipande. Kiwanda kilitaka raia aliyemaliza darasa la saba. Tulikaa nyumbani kwenu, tukatia mirija kwenye chungu kimoja cha pombe ya mtama, ukanipa vyeti vyako viwili, cha kuzaliwa na cha darasa la saba, ukasema, "Chukua. Jina halipungui likiazimwa." Baadaye uraia wangu ulitoka kwa jina langu, lakini kazini nilikuwa Sylvesta tayari. Niliogopa kufumua nguo niliyoivaa.

Na mimi nina jipya. Meneja wetu, Bwana Nurudini, amenitangazia kustaafu tarehe 30 Juni kwa sababu Sylvesta amefikisha miaka sitini. Mimi nina hamsini na minne. Nimezeeka kwa umri wako, kaka. Kazi nyingine ya mshahara sitaipata, kwa hiyo pensheni hii ndiyo nitakayokula mimi na Loyce mpaka tuzikwe. Mfuko sasa unataka alama za vidole, na vidole ni vyako. Nilikusudia kuja huko Pasaka tuzungumze. Twende pamoja ofisini, pesa ikitoka tukae tuone fungu lako na langu.

Ila kuna kitu hukuniambia. Ulifuata nini kwenye ofisi ya mfuko? Nilikuwa sijakuambia kwamba nastaafu.

Mdogo wako wa Murungu


Nyakitonto, Kasulu
2 Mei 2025

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimechelewa kujibu. Maharage yalikomaa na mvua ikakataa kuondoka, tukawa tunayaanika barazani na kuyaingiza ndani kila wingu likipita. Mama alilazwa hospitali siku chache kwa kifua, amerudi, anakula. Asali imefika. Verediana alicheka neno la Loyce, ingawa alijaribu kujizuia. Pasaka ni vizuri hukuja; nyumba ilikuwa na mgonjwa.

Uliuliza nilifuata nini ofisini. Nilikuwa mjini, nikapita.

Nimerudi kwa Bi Rabia na kumwuliza kwa mbali, bila kufungua mambo yetu. Anasema mwanachama anayestaafu aje na kadi yake ya uanachama na barua ya mwajiri ya kumstaafisha, achukuliwe vidole, afungue akaunti ya benki kama hana. Kwanza hulipwa mkupuo, pesa nyingi kwa mara moja, halafu pensheni kila mwezi maadamu yuko hai. Umepita miaka kumi na mitano ya michango, kwa hiyo ya kila mwezi ipo.

Tukienda wawili tutaulizwa maswali. Nitumie kadi na hiyo barua Julai, nianze mimi. Mambo yakikaribia nitakuita. Usije mpaka nikuite.

Wanaokupa hesabu huko wanasema jumla itakuwa kiasi gani?

Kaka yako,
Sylvesta


Murungu, Kibondo
3 Julai 2025

Kaka Sylvesta,

Amahoro kwako, kwa Mama Mkubwa na kwa Verediana. Kifua cha Mama Mkubwa kisipigwe na moshi wa jikoni. Mwambie akae nje jua likitoka.

Jumatatu wameniaga. Walichinja mbuzi wawili, wakanipa baiskeli mpya na ndoo ya asali. Bwana Nurudini alisimama akasema, "Mzee Sylvesta hapa alikuwa akinusa asali na kujua mfugaji alitumia moshi wa nini. Hakuniibia hata kijiko." Watu wakapiga makofi. Nikaitika jina lako kama kawaida na nikashukuru kwa jina lako. Kijana mmoja wa kuchuja nta akanitania, "Mzee gani huyu hana hata mvi? Tupe dawa!" Nikamwambia ni asali.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi ya uanachama na barua ya kunistaafisha. Jumla ya pesa sitaiandika hapa. Utaiona huko.

Loyce alinikataza kuzituma. Amesema, "Mtu asiyejibu swali dogo hapewi jambo kubwa." Nimemjibu kwamba mama zetu walinyonya titi moja, na kwamba mtu aliyenipa jina hawezi kuninyima mkate. Ameinuka akaenda shambani.

Ada ya mtoto inatakiwa Septemba. Nasubiri uniite.

Mdogo wako wa Murungu


Murungu, Kibondo
29 Agosti 2025

Sylvesta,

Jana asubuhi kijana wa kidirishani kwenye ofisi ya mfuko hapa Kibondo aliniambia kwamba Sylvesta amekwisha kulipwa. Mkupuo uliingia kwenye akaunti ya benki Kasulu tarehe 8 Agosti. Pensheni ya mwezi itaanza mwisho wa Septemba, akaunti hiyohiyo.

Nilikwenda kuuliza kwa sababu wiki nane zilipita bila barua. Hashimu aliniapia kwamba bahasha ya Julai alikupa mkononi, na kwamba ulimnunulia chakula. Hukuwahi kumnunulia hata maji.

Kijana yule aligeuza kompyuta ili nione, halafu akasita. "Samahani, mzee. Wewe ni nani wake?"

Miaka kumi na sita nimeitika jina hilo bila kusita. Jana nilishika ukingo wa kidirisha. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikasema, "Ndugu yake."

Akasema, "Basi muulize ndugu yako."

Nakuuliza. Sikwenda polisi, na unajua kwa nini siwezi kwenda. Ulilijua hilo kabla yangu, ndiyo maana uliniambia nisije mpaka uniite. Mtu akiniibia baiskeli nitapiga kelele mtaani. Wewe umechukua kitu ambacho nikikililia nafungwa mimi.

Loyce hajaniambia "nilikuambia". Angelisema ningepumua.

Msalimie Mama Mkubwa. Yeye sina neno naye. Swali langu la Machi bado halijajibiwa.

Manirambona


Nyakitonto, Kasulu
14 Septemba 2025

Manirambona,

Mama anakusalimu. Anajua tumekosana, hajui kisa. Amenikataza kula asali yako mpaka tupatane, na kopo analilalia. Kahawa imekwisha kuvunwa, bei ya mwaka huu si mbaya.

Unataka jibu la Machi. Chukua.

Mwaka 2018 nilipata kazi ya ulinzi kwenye shule ya bweni ya binafsi hapa Kasulu. Hukuwahi kuniuliza naishije, ulijua tu nalima. Mwezi wa kwanza mhasibu alikwenda kuniandikisha mfuko, akarudi amekunja uso. "Mzee Sylvesta, wewe ni mwanachama tayari. Uko kazini Kibondo hivi tunavyoongea. Unalinda hapa usiku na kupokea asali kule mchana?" Mwalimu mmoja aliyekuwepo akasema, "Labda anaruka kwa ungo." Wakacheka.

Ningesema, huyo wa Kibondo si mimi. Neno moja tu. Ungekamatwa wiki ileile, na Loyce angebaki na watoto wadogo. Nikasema ni makosa ya kompyuta, niacheni hivyohivyo. Mhasibu akasema, "Basi tutakulipa kama kibarua." Nimelinda lango lile miaka saba. Hakuna aliyenikata kumi, hakuna aliyeniongezea kumi. Februari mwaka huu walinipa mkono wa kwaheri kwa sababu nimefika sitini. Walinipa blanketi.

Ndipo nikaenda kwa Bi Rabia. Nilikwenda kuuliza kama mtu kama mimi ana chochote. Akabonyeza, akatabasamu, akasema, "Mzee, wewe una akiba nzuri sana." Halafu akanisomea mke wangu.

Ulisema jina halipungui. Hapana, nilisema mimi. Nilikosea. Lilipungua, na lilinipungukia mimi.

Tena tuzungumze kwa desturi. Kwetu na kwenu, ukipewa ng'ombe, siku moja unamrudishia mtamba, jike la uzao wake, yule aliyekupa. Wazee waliita kwitura, na aliyesahau kwitura hakuitwa mtu. Mimi nilikupa ng'ombe aliyezaa miaka kumi na sita. Ulinirudishia makopo ya asali. Asali si mtamba. Nilisubiri useme, "Kaka, fungu lako hili." Umelisema Machi, baada ya kuhitaji vidole vyangu.

Kwa mkupuo nimenunua ng'ombe watatu na mabati ya nyumba ya Mama, na kiasi kimebaki benki. Sikukuibia. Nimejilipa. Pensheni ya mwezi nitakutumia theluthi kwa Hashimu. Ukikataa, shauri yako.

Jambo moja linanisumbua, nalisema kwa sababu Verediana amenilazimisha. Bi Rabia anasema nikifa, pensheni ya mjane inakwenda kwa Loyce, maana ndiye aliyeandikwa. Kumwondoa kunahitaji maelezo ya huyo mke. Verediana ananiuliza kila siku, "Nitazika mume, na Loyce apokee?" Nahitaji Loyce aje kusema hanijui.

Sylvesta


Murungu, Kibondo
30 Septemba 2025

Kaka Sylvesta,

Bwana Nurudini, meneja wa kiwanda, amesema jana mbele yangu na Loyce kwamba atakuja Kasulu kueleza ni nani aliyefanya kazi kwake miaka kumi na sita. Nimemwambia yote. Alicheka kwanza. "Yaani harusi ya binti yako nilisimama nikamsifu Mzee Sylvesta, na wewe ukainama ukashukuru?" Kisha akaomba maji. Akasema nimemdanganya, na hilo halifuti. Akasema pia kwamba ile kumi ya kiwanda aliitoa kwa ajili ya mikono iliyopokea asali, na mikono hiyo anaijua.

Salamu kwa Mama Mkubwa. Mwambie alile kopo lote, jingine lipo. Huku jua ni kali na mito imekauka. Ada ya Septemba nimelipa kwa kuuza baiskeli.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Miaka saba ya lango la shule sikuijua. Ungeniambia mwaka 2018, ningeacha kazi ile ili uandikishwe. Nimeandika hivyo, halafu Loyce akaniangalia. Sijui kama ningeacha. Labda ningekuomba uvumilie mwaka mmoja, na mwaka huo ungekuwa saba. Kuhusu kwitura umesema kweli. Mtu hasubiri kukumbushwa mtamba. Hilo ni deni langu na nitalibeba.

Lakini usinifundishe desturi kwa mkono mmoja. Anayedai mtamba huja mchana, hukaa uani kwa mdaiwa, watu wakamwona, akasema, "Nimekuja kudai." Hatumi ujumbe kwamba mdaiwa afungue zizi na kumletea kamba, halafu akahamisha zizi zima na kumwachia theluthi ya maziwa. Ulinyamaza miaka saba kwa kunihurumia. Huo ulikuwa undugu, na nilikuwa nao bila kujua. Miezi mitano ya mwaka huu ulinyamaza ili nikuletee kadi kwa mkono wangu mwenyewe. Theluthi yako sitaipokea. Hashimu atakurudishia.

Loyce hatakuja kusema hakujui. Amekataa. Amesema, "Nimeandikwa mke wa uongo mara moja, sitaapa uongo wa pili ili wa kwanza ukae vizuri." Atakuja kusema mume wake ni nani.

Kwa hiyo nimempigia simu Bi Rabia, kwa laini mpya niliyoisajili kwa kidole changu. Nilimwambia, "Mimi ndiye mume wa Loyce." Akasema, "Nilijua mmoja wenu atapiga. Mwenye jina na mwenye mikono mje wote, na wake zenu, na mwajiri. Siwaahidi kitu." Nikamwuliza kama kutakuwa na polisi. Akasema hilo lina wakubwa zake, yeye ataandika atakachosikia.

Nimefikiria yanayoweza kutokea. Wanaweza kunyang'anya kila kitu, tukabaki wewe na blanketi la shule na mimi na ndoo ya asali. Wanaweza kunipeleka mahakamani kwa kutumia jina lako, na wewe kwa kulitoa. Au wanaweza kupokea ushahidi wa Bwana Nurudini na kuhamishia michango kwa mtu aliyeifanyia kazi. Hapo jina lako litakuwa tupu, na shule ile itaweza kudaiwa michango ya miaka yako saba. Hilo nitalisema mimi mwenyewe kwa Bi Rabia, usiponizuia, kwa sababu ni haki yako na uliipoteza kwa ajili yangu. Ng'ombe mmoja kati ya wale watatu ni wako, ndiye mtamba wako. Wawili na mabati tutavizungumza baadaye. Mabati ya Mama Mkubwa hayang'olewi.

Usipokuja nitaingia bila wewe. Nimekuogopa tangu Agosti kama mtu anavyoogopa cheti chake mwenyewe. Imetosha.

Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, ofisi ya mfuko, Kasulu mjini. Bi Rabia ametuweka wa kwanza. Njoo na Verediana.

Manirambona